Kiini cha Sita

Karakana ya Mama Waya ilinuka gundi na vumbi lililoungua. Juu ya meza ndefu, katikati ya bisibisi na kompyuta zilizopasuliwa matumbo, lilikaa kasha jeusi lililokuwa na lakiri ya polisi. Inspekta alilitazama kasha hilo kwa chuki, kana kwamba lingeweza kuona haya.

Waliomfahamu inspekta huyu walimwita Kupe, maana akishang'ata hang'oki mpaka ashibe. Jina halikumkera hata kidogo. Wiki hii alikuwa na njaa.

Mnara wa tangi la maji ulikuwa umeporomoka siku ya kujaribiwa, ukamfukia mchomeleaji aliyekuwa akimalizia ngazi yake. Mhandisi aliyeuchora alikuwa mahabusu, na kesho yake angepandishwa kizimbani, kwa sababu mahesabu yaliyotoka ofisini kwake yalionyesha miguu ya chuma myembamba kuliko ilivyopaswa. Lakini mhandisi mwingine alipoingiza vipimo vilevile kwenye kompyuta nyingine, alipata miguu minene inayofaa. Vipimo vilikuwa sahihi, kumbe kompyuta ndiyo iliyodanganya. Na kompyuta hiyo ilikuwa imeongezewa mwendo na fundi wa ofisi, kijana mmoja waliyemwita Turbo.

Kupe alikwenda mazishini. Alisimama nyuma ya waombolezaji, akamwona mke wa mchomeleaji akishikiliwa na wenzake asiingie shimoni, na tangu hapo alitaka mtu alipe. Hakuchagua awe nani, ilimradi awe ndiye.

"Mwenzangu, prosesa hii, huu ubongo wa kompyuta, imekimbizwa kuliko kiwanda kilivyoruhusu," alisema Mama Waya, miwani ikiwa imemtelemkia puani. "Hilo peke yake si kosa. Vijana wote wanafanya. Kosa ni kuikimbiza halafu usiipime."

"Amesema aliipima. Ikapita kutwa nzima."

"Kwa programu gani?"

"Kwani ziko ngapi?"

Mama Waya akacheka cheko la mtu aliyeulizwa kama sufuria ziko ngapi duniani. Akavuta kiti.

"Nyingi. Lakini sisi mafundi wa mji huu tunatumia tatu, na majina tumezipa wenyewe. Hii ni Sinema. Inachora picha za kuigiza, prosesa inafanya kazi ya kistaarabu tu. Wauza kompyuta wanaipenda kwa sababu haiwaaibishi. Hii ya pili tunaiita Tanuri. Hiyo inachemsha mpaka feni zinalia. Ukitaka kujua kama kompyuta itajizima kwa joto, chukua Tanuri. Ila haisahihishi. Ni kama mzazi anayempa mtoto hesabu mia, halafu anamsifu kwa jasho."

"Na ya tatu?"

"Mkaguzi. Huyu anapiga hesabu ambazo majibu yake anayo tangu mwanzo. Prosesa ina viini vinane, ndivyo vinavyogawana kazi. Kiini kikikosea hata tarakimu moja, mstari wake unageuka mwekundu, hana msalie mtume."

"Ungekuwa wewe, kwa ofisi ya wahandisi, ungechagua ipi?"

"Mkaguzi. Tena bila kuwaza. Mtu anayechora majengo ya kukaa watu utampimia jasho?"

Kupe akatoa mfukoni maelezo ya Turbo. Fundi alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba alitumia Tanuri.

Wakaanza na Tanuri. Feni zikapiga kelele mpaka wakawa wanaongea kwa kupaza sauti, na mistari minane ikabaki ya kijani. Wangeweza kwenda kulala na kurudi, wangeikuta hivyo hivyo. Kisha Mama Waya akafungua Mkaguzi. Hakuwa hata amemaliza kufuta miwani yake, mstari wa sita ukawa mwekundu. Akarudia. Ule ule wa sita. Akarudia tena, huku akinong'ona matusi madogo madogo.

"Saba ni vizima," alisema. "Huyu wa sita ni mgonjwa. Kwa mwendo wa kiwandani hana neno, lakini ukimkimbiza anaanza kubahatisha. Na wala hapigi kelele. Kompyuta haigandi, haizimi, inakupa jibu na uso mkavu."

"Kwa hiyo Turbo ni mzembe. Alichagua programu isiyosahihisha."

"Mzembe, au alijua. Hilo usiniulize mimi. Anachokijua mtu hakibaki kwenye chuma."

Hilo ndilo lililomchoma Kupe. Uzembe alikuwa ameuona mahakamani mara nyingi, umevaa suti, umeinamisha kichwa, unapewa adhabu ya kuchekesha na kurudi nyumbani kula. Mtu aliyejua alikuwa jambo jingine. Alizunguka meza, akasimama mbele ya mistari ile.

"Fundi anapopima, anapima viini vyote?"

"Wengine wanaacha kimoja, ili kompyuta isikwame kabisa. Mara nyingi wanaacha cha mwisho, au cha kwanza. Mazoea tu."

"Kuna anayeacha cha sita?"

"Cha sita kimemkosea nini?"

Kupe aligonga kasha kwa ukucha. "Unayo prosesa nyingine ya aina hii? Nzima, inayoweza kukimbia mwendo huu bila kukosea?"

Mama Waya akamtazama, kisha taratibu akaanza kutabasamu. "Wewe mwanamke una roho mbaya."

"Unayo au huna?"

Alikuwa nayo. Waliifunga mahali pa ile ya zamani, ikachukua mwendo uleule uliokuwa umewekwa, wakaipima kwa Mkaguzi mpaka wote wawili wakaridhika kwamba haina doa. Prosesa ya mwanzo ikaingia kwenye kijikasha cha plastiki. Mama Waya akatia saini kuwa ameshuhudia, na kasha likapigwa lakiri mpya.

Mchana huo ofisi ya mhandisi ilikuwa kimya. Meza za wachoraji zilifunikwa, na kwenye ukuta palikuwa na picha ya mhandisi akikata utepe. Mke wake, ambaye ndiye aliyekuwa meneja wa ofisi, alimpokea Kupe akiwa amesimama.

"Dada, umeshamkamata?" aliuliza.

"Nani?"

"Mshirika wa zamani wa mume wangu! Nimekwambia mara ngapi? Aliondoka hapa anaapa kwamba atatukomesha. Nataka aozee ndani. Mume wangu analala sakafuni na wezi wa kuku, yeye anajenga ghorofa."

"Mshirika wa zamani nimeongea naye," alisema Kupe. "Nilimkuta anagombana na mashine ya kuchapia kwa sababu karatasi imekwama, akashindwa yeye. Huyo hawezi kugusa prosesa. Isitoshe, mipangilio ya ndani ya kompyuta ile imefungwa kwa nywila, na nywila anayo fundi wenu peke yake."

"Turbo?" Mama yule akapunga mkono. "Muache huyo mtoto. Baba yake alikuwa msimamizi wetu wa ujenzi. Hata kabla hajafariki, mume wangu ndiye aliyemsomesha. Hula kwangu, hulala kwangu. Ananiita mama."

"Baba yake alifariki kwa nini?"

"Kwa presha. Gerezani." Akanyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka tayari. "Kuna ukuta ulianguka zamani, ukavunja watu wawili. Mmoja hakutembea tena. Ilionekana baba yake Turbo alipunguza nondo."

"Ilionekana na nani?"

"Ripoti ilisema hivyo," alijibu, na akaenda kufungua dirisha.

Turbo aliingia akiwa na konstebo nyuma yake. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mchangamfu, mwenye fulana safi na kucha zilizokatwa vizuri. Akamwamkia mke wa mhandisi kwa heshima, akamsalimu Kupe, akaliona kasha juu ya meza na kulipapasa kama mtu aliyekutana na rafiki.

"Sikia, fundi," alianza Kupe kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Wakubwa wanataka kompyuta hii ipimwe mbele ya mashahidi kabla ya kesi ya kesho. Mimi mambo haya kwangu ni giza. Wewe ndiye mtaalamu. Nimeletewa programu tatu, na zimeandikwa hivi mnavyoziita mafundi. Chagua unayoiamini, upime, tuandike imepita, twende zetu."

Lakiri ikakatwa. Turbo akaunganisha nyaya, akawasha, akaketi. Kwenye kioo yakatokea majina matatu: Sinema, Tanuri, Mkaguzi.

Kupe alikuwa akimtazama vidole. Kishale kilitua juu ya Tanuri, kikakaa. Kikateleza mpaka Sinema, kikarudi. Mwishowe kikashuka kwa Mkaguzi.

"Tutumie huyu," alisema Turbo. "Ndiye mkali kuliko wote. Nisije nikaambiwa nimependelea."

Hilo lilikuwa chaguo la mtu asiye na hatia. Kwa sekunde chache Kupe alijiona mjinga, tena mjinga mwenye kiburi, aliyemsumbua kijana wa watu kwa sababu tu alitaka sana mtu wa kumchukia.

Kisha Turbo akafungua mipangilio. Visanduku vinane vikajipanga, kila kimoja na tiki yake. Akaondoa tiki moja, akabonyeza kuanza.

"Umeondoa nini hapo?" aliuliza Kupe.

"Kiini kimoja, mkuu. Lazima uache kimoja kompyuta ipumue, la sivyo itakwama. Mafundi wote tunafanya hivyo."

"Huwa mnaacha kipi?"

"Chochote. Haina tofauti."

"Ah. Basi kama haina tofauti, hicho cha sita ulichotoa kirudishe, utoe cha pili."

Mkono wa Turbo ulibaki juu ya kipanya bila kusogea. "Itabidi nianze upya."

"Anza. Sina pa kwenda."

Akaanza upya. Feni zikainuka, mistari saba ya kijani ikaanza kutambaa. Konstebo akapiga miayo mlangoni. Mke wa mhandisi, aliyekuwa akiangalia saa, aliacha kuiangalia saa na kumgeukia fundi, kwa sababu Turbo alikuwa amejisogeza mbele mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Mistari saba ilikuwa ikitembea. Yeye alikuwa ameukodolea mmoja.

"Unatazama nini, mwanangu?" aliuliza mama.

Mstari wa sita uliendelea kuwa wa kijani. Turbo akafuta paji la uso kwa mkono wa fulana. Bado ulikuwa wa kijani. Nyusi zikamkunjamana.

"Unasubiri nini?" Kupe alimuuliza taratibu.

"Hamna."

"Iko mistari saba hapo. Huo wa sita una ugomvi nao gani?"

"Hamna, mkuu, naangalia tu."

Kupe akaingiza mkono kwenye mkoba na kuweka kijikasha cha plastiki mezani, mbele ya kibodi. Ndani yake prosesa iling'aa.

"Unayemsubiri yuko humu," alisema. "Tumemtoa leo asubuhi. Iliyomo ndani ya kompyuta ni nyingine kabisa, imetoka karakanani, viini vyake vyote vizima, haijawahi kukosea hesabu hata moja. Hakuna kitu ndani ya mashine hii kinachoweza kumwambia mtu akiogope kiini cha sita. Hofu hiyo umekuja nayo kichwani. Na mtu hawezi kujua kuwa kiini cha sita ni kibovu mpaka amtumie Mkaguzi akione kwa macho yake, Mkaguzi ambaye kwenye maelezo yako hukumtaja."

Turbo alikitazama kijikasha. Uchangamfu wote ulimtoka usoni, na kilichobaki chini yake hakikuwa hofu. Kilikuwa hasira ya siku nyingi.

Mke wa mhandisi alifika kabla ya konstebo. Kofi lililia chumba kizima. "Nimekulisha! Nimekufulia! Umeniita mama ndani ya nyumba yangu! Inspekta, andika. Andika yote, usiache hata nukta, nataka huyu mbwa afie huko!"

"Ndiyo, mama," alisema Turbo, shavu likiwa limemwiva. "Aandike. Asiache hata nukta."

Kupe akamsogezea mama yule kiti, naye akakataa kukikalia. Akavuta kingine, akaketi uso kwa uso na fundi.

"Niliipima kompyuta kwa Mkaguzi siku ile ile niliyoiongezea mwendo," Turbo alianza. "Cha sita kikawa chekundu. Dawa yake si kubwa, unapunguza mwendo kidogo, basi, kinapona. Mkono ulikuwa juu ya kitufe. Mzee mhandisi akapita nyuma yangu, akanipiga bega. Akasema, 'Kazi safi. Laiti baba yako angekuwa makini hivi.'"

Akakisukuma kijikasha pembeni.

"Baba yangu alimwambia kwamba mchoro wa ukuta ule una nondo chache. Alimwambia mara mbili. Akajibiwa ajenge, asijifanye msomi. Ulipoanguka, kosa la nondo likawa la baba. Nilikuwa nakwenda kumwona gerezani, ananiambia yote hayo, na jioni narudi kula kwenye meza ya mtu aliyemweka kule. Kwa hiyo nikamfunga Mkaguzi, nikafungua Tanuri. Nilitaka naye aambiwe, 'Hesabu zako mbovu.' Asimame aseme, 'Si mimi,' na asiwepo wa kumwamini. Na imekuwa. Mimi sijutii kitu."

"Na mchomeleaji?"

"Nilidhani mnara utakaguliwa kabla ya kujaribiwa. Hakutakiwa kuwa pale."

"Alikuwa kazini," alisema Kupe. "Aliacha watoto wangapi?"

Turbo aliinamisha macho. Kupe akamgeukia mke wa mhandisi. "Wewe? Alikuwa mtu wenu."

Mama yule alinyoosha tena kitambaa cha meza. Watu hawa walikuwa wakilipizana kisasi kwa miaka, wamejua kila kosa la mwenzao kwa undani, na aliyekufa katikati yao hakuwa hata mtu wa kuulizia.

"Dada yangu," mke wa mhandisi alisema kwa sauti iliyobadilika ghafla. "Tuongee pembeni kidogo."

Walitoka, wakasimama ukumbini. Mama akamshika Kupe mkono.

"Andika uzembe," alinong'ona. "Alichagua programu isiyofaa, basi. Hakujua. Mume wangu atatoka vilevile, si ndiyo? Kompyuta ilikuwa mbovu, yeye hana kosa. Kijana atapata adhabu ndogo, mambo yataisha. Tumhurumie, ni yatima."

"Sasa hivi ulitaka afie huko."

"Hasira, dada. Hasira za mke."

"Huruma imekuingia pale alipoutaja ukuta."

Mama yule akauachia mkono. Akaangalia sakafu, kisha mlango wa ofisi. Alipoongea tena alikuwa akilia, na Kupe aliamini machozi hayo ni ya kweli, jambo ambalo halikumlainisha hata kidogo.

"Mimi niliambiwa nichape tu. Mume wangu alisoma, mimi nikachapa ripoti. Nilijua mchoro ulivyokuwa kwa sababu niliupanga mwenyewe kwenye faili. Lakini tulikuwa na watoto wadogo. Angefungwa yeye, wangekula nini?"

"Msimamizi naye alikuwa na mtoto," alisema Kupe. "Yuko humo ndani."

Alirudi ofisini. Turbo alikuwa amekaa alivyomwacha, mbele ya mistari saba iliyokuwa bado inatambaa kwa utulivu. Kupe akaizima.

"Nisikilize vizuri, maana sitarudia," alimwambia. "Ukisema hukujua, ni uzembe. Utakaa ndani muda mfupi, na baba yako atabaki mwizi wa nondo. Ukisema ulijua, umeua mtu kwa makusudi ya kumkomesha mwingine, na utazeeka gerezani. Lakini itabidi useme kwa nini, na itaandikwa, na itasomwa kwa sauti mahakamani. Mimi nikikuchagulia ningekuchagulia gereza, kwa ajili ya yule mchomeleaji. Ila mdomo ni wako."

Mke wa mhandisi alikuwa amesimama mlangoni. "Mwanangu," alisema. "Mwanangu, sema hukujua."

Turbo alimpa kisogo. Halafu akavuta kiti chake karibu na meza, akakaa wima.

"Nilijua," alisema. "Andika. Na uanze na ukuta."

Kupe akafungua kalamu. Akamwashiria konstebo afunge mlango, kisha akamwonyesha mama yule kiti kilekile alichokikataa mwanzo.

"Keti, dada. Nikimaliza kwake nakuja kwako. Wewe ndiye uliyechapa."

Safari hii aliketi. Macho yalimwenda kwenye picha ya ukutani, ya mumewe na mkasi wake wa utepe.

"Lakini mume wangu," alisema. "Kesho watamwachia?"

"Watamwachia," alijibu Kupe bila kuinua kichwa. "Kesi ya mnara itamtoka, atavishwa viatu vyake, atafunguliwa geti. Nitakuwa nimesimama hapo nje, namsubiri kwa ajili ya ukuta."